Kilo Mbili

Wokovu wangu nimeushuhudia mara nyingi,
Mwanjelwa, jukwaani, kipaza sauti kikikoroma,
na Kyela kwenye joto, watu wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo.
"Nilikuwa mtu wa dhambi," nilisema, "dhambi za kila namna,"
nao wakaitikia Amina,
kwa sababu dhambi za kila namna hazina mwenyewe,
hazidaiwi na mtu.
Ni ukungu wa Rungwe: unaufunika mlima
na mlima upo pale pale.

Leo lakini niko nyumbani.
Kanisa letu la Kimoraviani, bati lake lile lile,
mvua ya Tukuyu ile ile isiyojua hodi wala kwaheri.
Mchungaji Mwaikenda amesema, "Ndugu Anyitike ana neno,"
nami nimesimama,
na kila uso ninaoutazama
naujua kwa uzito wake.

Maana nilikuwa karani wa mizani,
banda la chai, pale njia inaposhukia mtoni.
Akina mama walikuja alasiri, migongo imelowa,
vidole vyeusi kwa utomvu wa majani.
Mshale ukitulia kumi na nne
kalamu yangu iliandika kumi na mbili.
"Unyevu," niliwaambia. "Kampuni inakata unyevu."
Zile mbili zililala ukurasa wa mwisho
chini ya jina la shemeji yangu,
mtu asiye na hata shina moja la chai.

Bibi Tupokigwe hakuwahi kubisha.
Aliutazama mshale, akanitazama mimi,
akasema *ndaga*,
akabeba tenga lake tupu akaenda.

Jioni moja ya Juni, baridi ya kukata masikio,
mvua ilinikuta karibu na kwake
nikajibanza upenuni.
Ndani alikuwa anasali, kwa Kinyakyusa, polepole,
kama mtu anayehesabu mbegu za kupanda.
Alimtajia Kyala ng'ombe wake anayekohoa.
Kisha akanitaja mimi.
Kisha paa linalovuja.
"Na Anyitike wa mizani, mkono wake unamwuma. Mponye."

Mkono wangu haukuwa unauma.
Nilisimama pale mpaka mvua ikakatika,
na ilipokatika
ulikuwa unauma.

Hiyo ndiyo habari yangu yote.
Sikuona nuru, sikuanguka chini, sikusikia sauti
ila ya bibi kizee aliyeniweka
kati ya ng'ombe na paa.
Kyela sikuisema. Mwanjelwa sikuisema.
Niliipamba, nikaivika suti,
nikaiondolea tarakimu.

Leo nimekuja na daftari.
Limekaa miaka tisa darini, chini ya mahindi,
panya wamekula pembe zake, hesabu wameziacha.
Mfukoni nina fedha ya ng'ombe niliyemwuza Ijumaa.
Haitatosha. Najua;
mimi ndiye niliyepima.

"Tupokigwe," nasoma. "Machi tatu, kilo mbili.
Machi nne, kilo mbili.
Machi sita..."

Hakuna anayesema Amina.
Mtoto mmoja anacheka, ananyamazishwa.
Mzee wa kanisa anakohoa kwa adabu,
kikohozi cha kumpa mtu njia ya kukaa.
Mke wangu anaangalia viatu vyake.

Ndipo kutoka benchi la tatu, upande wa dirisha,
ile sauti ya upenuni:
"Pandisha sauti, mwanangu. Masikio yangu yamezeeka,
na kilo zangu nataka kuzisikia."

Napandisha. Machi saba. Machi nane.
Sauti inakatika, nairudia Machi nane.

Nyuma, karibu na mlango, mwanamume anasimama,
kofia mkononi, koti linachuruzika maji.
"Na za marehemu mama yangu?"
"Jina?"
"Subilaga."

Nalowesha kidole.
Nafunua.